Kondoo wa Bulengo

Kondoo wangu wa kwanza nilipewa kwa sababu hakuna aliyewataka. Niliolewa Bulengo mwaka 1988, huku magharibi ya Goma kwenye njia ya Sake, kando ya Ziwa Kivu. Mama mkwe alikuwa na mbuzi na kondoo majike wawili. Mbuzi aliwagawia wanawe. Kondoo alinipa mimi mgeni kutoka Kibumba, kama mtu anavyomkaribisha mgeni kwenye kiti chenye mguu mbovu.

Sikulalamika. Kwetu Kibumba wazee walichunga kondoo pamoja na ng'ombe, wakisema upole wake unatuliza zizi zima, ila nyama yake hawakuigusa. Babu yangu alikuwa radhi alale na njaa kuliko kuila. Ngozi ndiyo ilikuwa na thamani, maana akina mama walibebea watoto mgongoni. Kwa hiyo kondoo nilimjua kama mnyama wa heshima asiye na soko.

Soko lilikuja taratibu, mji ulivyokuwa unakua. Waislamu wa Birere, mjini Goma, walianza kupanda hadi kwetu kutafuta madume kila ilipokaribia Sikukuu ya Kuchinja. Wachoma mishikaki nao wakaja, jioni, bila kelele. Wateja wao wanaamini wanakula mbuzi, na mimi sijawahi kuulizwa.

Watu huniuliza kwa nini sikuhamia kwenye mbuzi baada ya kupata hela. Mbuzi hupanda ukuta, huingia shamba la jirani, hula mihogo ya mtu, na kabla jua halijazama umeshaitwa kwa shefu wa mtaa. Kondoo hukaa na wenzake na hufuata majani yaliyo mbele yake. Mtu mwenye kiwanja kidogo kilichobanwa na viwanja vingine hapati mnyama bora kuliko huyo. Lakini ana jambo moja: hula pua yake ikiwa imegusa ardhi. Na ardhi ya Bulengo si ya kuguswa na pua ovyo.

Tunaishi juu ya mawe yaliyotapikwa na volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Mwaka 1938 hadi 1940 moto wa Nyamulagira ulifika mpaka ziwani hapo Sake. Mawe hayo yana nyufa, na katika nyufa hutoka mazuku. Ni hewa ya kabonidayoksaidi itokayo chini kabisa, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hutiririka na kujaa mabondeni na mashimoni jinsi maji yanavyofanya. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, huongezeka. Jua likipanda na upepo ukianza kutoka ziwani, hupungua. Mtu mzima anaweza kusimama ukingoni akizungumza, huku kondoo aliyeinama hatua chache mbele yake anakufa. Na ubaya wake ni kwamba mashimo hayo ndiyo yenye majani mabichi zaidi, kwa kuwa hakuna mnyama anayeyamaliza.

Mama mkwe hakuwa amesoma hata darasa moja, lakini mashimo yote kati ya nyumba yetu na Lac Vert aliyajua kama anavyojua sufuria zake. Alinifundisha kuangalia vilivyokufa: mjusi, panya, ndege mdogo, vipepeo waliolala ubavu bila kuliwa na siafu. Alinikataza kufungua zizi kabla jua halijafika kwenye mti wetu wa avoka. Shimo asilolijua alilipima kwa kibatari. Alikiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga lililotobolewa pembeni, akafunga kamba ndefu, akakishusha polepole huku sisi tumesimama upande wa juu, upepo ukiwa nyuma yetu. Ulimi wa moto kwanza ulikuwa mrefu. Ukawa mfupi. Halafu ukajitenga na utambi, kana kwamba umenyanyuliwa, ukapotea. Moshi wake haukupanda. Ulitandaa palepale ndani ya shimo, ukaenea kama kitambaa, ukaonyesha wazi mpaka wa ile hewa ulipo. Tukageuza wanyama.

Miaka ya baadaye watu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma walikuja na mashine zao, wakapima, wakaweka vibao vyenye fuvu la kichwa. Wako vijana wanaosema mashine haikuleta jipya. Si kweli. Kibatari huzimika hatari ikiwa imeshakuwa kubwa, na mtu hulevuka kabla moto haujazimika. Kinafaa kwa shimo unalotaka kulikwepa. Kwa shimo unalotaka kuingia hakifai kabisa.

Wengi waliokufa kwa mazuku huku kwetu hawakuingia shimoni kwa ujinga, waliingia kumfuata mnyama. Nakumbuka asubuhi moja jike wa jirani aliponyoka kamba, akashuka kwenye bonde nyuma ya migomba. Alipiga magoti ya mbele kwanza, kama anayetaka kunyonya, kisha akalala. Kijana wa yule jirani akavua shati, tayari kuruka. Mama mkwe alimkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili.

"Mama, niache, anakufa!"

"Usishuke! Kondoo ataletwa na mti. Wewe utaletwa na nani?"

Tulikuwa na mti mrefu wa mkalitusi wenye ndoano ya chuma mwishoni, ulioegemezwa ukutani kwa kazi hiyo tu. Tulimvuta kwa mguu wa nyuma hadi juu kwenye upepo. Macho yalikuwa yamefunguka, ulimi umetoka pembeni. Mama mkwe alimkandamiza mbavu, akaacha, akakandamiza tena, huku akimtukana. Kondoo akakohoa. Jioni alikuwa anakula. Yule kijana ana wajukuu leo, na mti ule bado upo, ingawa ndoano nimeibadilisha.

Kwa sababu hiyo zizi langu limeinuliwa. Kuta ni za mawe meusi yaliyopangwa bila saruji, na sakafu ni fito za mkalitusi zilizopigwa juu ya nguzo, juu ya goti la mtu mzima, zenye nafasi ya kidole kati yake. Mkojo na kinyesi hudondoka chini, kwato zinabaki kavu, na hewa mbaya ikitambaa usiku hupita chini ya matumbo yao. Mgeni akiona hudhani ni anasa.

Kinachodondoka chini kimenisomeshea watoto kuliko nyama. Goma haina udongo, ina mawe. Anayetaka mboga huvunja mawe kwa nyundo, hujaza udongo ulioletwa kwa mgongo au kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, halafu anatafuta samadi. Samadi ya kondoo ni kavu, ndogo, rahisi kubeba, na haiunguzi miche upesi. Wanawake wa mboga hunilipa kwa gunia, mwaka mzima, bila kungoja sikukuu. Ningekuwa natoa ushauri kwa wanaoanza, ningewaambia wahesabu samadi kwanza, mwana-kondoo baadaye.

Malisho ndiyo yamenitesa. Julai 1994 Wanyarwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu katika siku chache, na Mugunga, jirani yetu, ikawa kambi. Kipindupindu kiliwaua watu kwa maelfu. Miti ilikwisha, majani yakakanyagwa, na wageni waliotandika maturubai mabondeni, bila wa kuwaonya, wengine hawakuamka. Mama mkwe alizunguka na fimbo yake akiwaonyesha mahali pa kutolala. Wengine walidhani anawafukuza kwenye ardhi yake. Novemba 1996 kambi ilivunjika, watu wakarudi kwao kwa miguu, barabara nzima, na majani yakaanza kuota. Kisha vita vya 2007 na 2008 vikaleta kambi tena Mugunga. Kisha vita vikarudi, na Bulengo yenyewe ikajaa hema mpaka kwenye ukuta wangu.

Baada ya kambi ya kwanza niliacha kutegemea machunga. Nilipanda matete kando ya kila ukuta, nikafanya mapatano na wauza ndizi wanitunzie maganda, na msimu wa matembele nachukua mashina yanayotupwa. Machicha ya bia hupatikana kutoka Gisenyi, Rwanda, mpaka ukiwa wazi. Chumvi nanunua ile ya mawe ya Katwe, Uganda, ambayo bibi zetu pia waliilambisha mifugo yao. Kondoo akiilamba kila siku, anakunywa vizuri na anashika mimba vizuri. Mengine ya afya si makubwa: fungua kope uone kama ndani ni nyekundu au pamepauka, maana weupe ni minyoo, chonga kwato, na hakikisha mtoto amenyonya dang'a kabla ya kitu kingine. Sotoka ya mbuzi na kondoo ndiyo naiogopa. Mashirika ya dunia yamejiwekea mwaka 2030 iwe imekwisha. Chanjo ikija mtaani kwangu, mimi niko wa kwanza kwenye foleni.

Mlima nao una zamu zake. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulikata mji katikati ukaingia ziwani. Kwetu haukufika. Lakini kuna kinachotoka mlimani bila kishindo, na kondoo hukipata kabla ya sisi kukijua. Januari 2010 Nyamulagira ililipuka, na asubuhi moja nilikuta matete yamekuwa ya kijivu. Ukipitisha kidole kwenye jani unasikia mchanga. Kondoo akitafuna hayo husaga meno yake mwenyewe. Tuliosha majani kwa maji ya bidoni, fungu kwa fungu, watoto wakinung'unika kwamba wao wenyewe hawajaoga. Na mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo huja na floraidi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vijiji vya chini ya mlima, kama Rusayo, vina maji yanayozidi hapo. Nenda huko uangalie meno ya watoto, yana madoa ya kahawia. Mimi nikinunua kondoo kutoka upande huo humfungua mdomo kwanza. Akiwa na madoa na meno yamelika mapema, ataishia kukonda mbele ya hori lililojaa. Muuzaji hukasirika, hudhani natafuta kisingizio cha kushusha bei. Bei hushuka kweli, lakini simchukui.

Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, tarehe 22, Jumamosi jioni. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe mara moja. Barabara ya Sake ilijaa watu, magodoro, majiko ya makala, kuku vichwa chini. Waliotoka na mbuzi na kondoo walichoka wakifika kwetu. Walanguzi walikuwa wameshasimama kando ya njia wakinunua mnyama kwa bei ya nauli. Nilifungua zizi. Nilifunga vitambaa vya rangi shingoni ili kila mtu amtambue wake, na malipo yangu yakawa samadi. Karibu wote walirudi kuchukua. Dume mmoja wa kondoo mwenye kitambaa cha njano hakufuatwa, nikamtunza hadi uzee, na damu yake bado ninaiona kwenye masikio ya wana-kondoo wangu.

Kuhusu wezi sitasema mengi. Wenye bunduki walipita usiku mmoja wakachagua walionona. Ni wa upande gani, gizani sikuuliza.

Januari 2025 vita viliingia Goma, na mji ukabadili mikono. Kambi za Bulengo zilibomolewa mwezi uliofuata, na banki zilifunga milango. Waliokuwa na akiba kwenye karatasi walibaki na karatasi. Kwangu walianza kuja watu ambao zamani walinisalimia kwa pua: mwalimu, karani, mke wa dereva, wakitaka niwauzie jike mmoja nimtunze hapahapa, wao wakija kumuuza siku ya karo au ya hospitali. Nilikubali kwa masharti. Mtoto wa kwanza ni wao, wa pili ni wangu, akifa tunabeba hasara sote.

Sikukuu ya Kuchinja mwaka huo ilikuwa Juni 6. Alhaji mmoja wa Birere, mteja wangu wa siku nyingi, alichagua dume mweupe mwenye kichwa cheusi, akamshika mgongo, akamfungua mdomo kama nilivyomzoesha mwenyewe, akatoa hesabu.

"Alhaji, hizi noti zimechanika."

"Mama, mji mzima umechanika. Hizi zinapokelewa Birere, sokoni Virunga, kwa muuza unga, kila mahali."

"Basi nenda ukachinje unga."

Alicheka hadi akakaa kwenye jiwe. Alinipa dola kwa nusu ya bei na hizo faranga kwa nusu nyingine, nikamwongezea kamba. Zile zilizochanika zaidi nilizibandika kwa gundi ya karatasi usiku, nikampelekea muuza ndizi anayenitunzia maganda kesho yake. Alizigeuza mara mbili, akaniangalia, akazipokea.