Mkanda Uliokwisha Kazi

Huenda baadhi yenu mkastaajabu kumwona mtu wa kilemba na kitabu akiandika habari za gari la mbio. Gari lenyewe si langu. Lilikuwa la marehemu kaka yangu, na siku ya kugawa mirathi liliingia katika fungu la mwanawe, ambaye alifiwa na baba akiwa na umri wa miaka tisa. Mimi ni mwangalizi tu, mpaka kijana aweze kusimamia mali yake mwenyewe. Leo ana miaka kumi na sita.

Ni Datsun 240Z, aina iliyoundwa Japani baina ya 1969 na 1973. Lina viti viwili tu, boneti refu kama omo la jahazi, na injini ya silinda sita ya lita 2.4. Walionitangulia kwa umri watalikumbuka kwa Safari Rally: Edgar Herrmann alishinda kwa gari la aina hii mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973. Kaka alikuwa mtoto wakati huo, na habari hizo alizihifadhi kama sisi wengine tulivyohifadhi Juzuu Amma.

Kuna aliyenishauri nilifungie bandani na kulifunika turubai mpaka kijana akue. Nilijaribu kwa miezi minane. Mipira ilikauka, kabureta zote mbili zikaziba, na betri ikafa. Gari la umri huo hudhurika kwa kukaa kuliko kwa kwenda. Basi nikawa nalitoa mara moja kwa juma, na kila nikitoka moyo ulinidunda, maana kuharibu mali ya yatima si jambo la kuelezea kwa mzaha.

Kwa hofu hiyo nilikusanya spea kama mtu anayejiandaa kwa vita. Nilikuwa na platini na kondensa, rota, kifuniko cha distributa, plagi sita, fyuzi za kila namna, mipira ya rejeta ya juu na ya chini pamoja na klipu zake, na chupa ya mafuta ya breki kwa ajili ya klachi inayovuja kidogo kidogo. Nilinunua kizimamoto pia, na hilo nawasihi wenye magari ya namna hii wasilipuuze: kabureta zake zimekaa juu ya bomba la moshi lenyewe, na tone la petroli likianguka hapo hakuna muda wa kumwita mtu. Nilinunua hata taa nzima ya mbele. Sijui nilidhani nitagongana na nani.

Mwaka jana bibi yake kijana, mzaa mama, aliugua huko Voi. Viti ni viwili, kwa hiyo tulikubaliana nimpeleke kijana siku hiyo, na mama yake afuate kwa basi kesho yake. Asubuhi shemeji alitoka na kikapu. Ndani mlikuwa na madumu mawili ya maji, moja limefungwa kitambaa chekundu shingoni, leso mbili kuukuu, tochi, tende, na mkanda wa feni uliokwisha kulika, mweusi, umeng'aa pembeni.

"Dumu lenye kitambaa ni la gari, shemeji," alisema. "Jengine ni la kunywa. Marehemu hakuyachanganya. Na mkanda huu alikuwa hatoki bila yake."

Nilicheka. Nilimwambia nimekwisha kununua mpya, bado umo katika karatasi yake, na kwamba huu wa zamani ni wa kufungia mbuzi. Hakubishana nami. Aliuchukua akarudi nao ndani, nami nikaridhika kwamba hoja yangu imesimama.

Tulipita Mariakani, tukapita Samburu, tukaingia nyika ya Taru, ambako jua la saa tano huwa halina huruma na malori hayana subira. Nilikuwa nikimweleza kijana jambo katika sarufi, naye akinisikiliza kwa adabu, kisha akasema taratibu, "Ami, mshale wa chaji umeshuka."

Katika injini ile mkanda mmoja huzungusha feni, pampu ya maji na altaneta. Mshale ule ukishuka ukiwa mwendoni, usiseme ni betri tu. Tazama mshale wa joto. Niliutazama, nao ulikuwa ukipanda. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu kilichokaa juu ya bloku ya chuma, na kikichemka hupinda, kikipinda ni gharama ambayo ingelazimu kuuza kitu kingine cha yatima. Nilizima injini tukaserereka hadi ukingoni. Kijana aliziweka pembetatu barabarani, mbali kuliko nilivyodhani panahitajika, na baada ya kupita malori matatu nikaona kwamba yeye ndiye aliyepatia.

Mkanda ulikuwa umekatika vipande viwili. Nilifungua ile karatasi kwa madaha. Nikalegeza altaneta, nikauvisha mkanda mpya puli ya kwanza na ya pili, na ukagoma kufika ya tatu. Ulipungua upana wa vidole vitatu. Nilivuta, nikasogeza altaneta mpaka mwisho, nikatumia maneno ambayo sitayaandika hapa. Dukani nilikuwa nimeomba "mkanda wa Datsun", nikapewa mkanda wa Datsun. Ya Datsun ipi sikusema, wala sikuwahi kuujaribu. Spea zote zile nilizijua kwa majina yake tu.

Kijana aliketi kivulini mwa gari, leso ya mama yake kichwani. Hakulalamika, na hilo lilinichoma zaidi. Bibi yake alikuwa akimngoja. Simu haikuwa na mtandao. Nilianza kuhesabu ni gari gani litakalokubali kutuvuta, na kama tunayo kamba, na kamba haikuwamo. Nilikuwa na taa nzima ya mbele, kamba sina.

"Ami," alisema, "umetazama nyuma ya kiti changu?"

Nyuma ya viti vya gari lile mna visanduku vidogo vya zana, chini ya zulia. Chake kilikuwa na kifurushi cha kipande cha leso. Ndani ulikuwamo ule mkanda wa kufungia mbuzi. Mama yake alikuwa ameuweka nilipokuwa nikitia petroli, akamwambia asiuseme ila ukihitajika, ili asiniaibishe.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya desturi ya kaka. Alipoufunga mkanda mpya, ule alioutoa hakuutupa. Ulikuwa umelika, lakini ulikwisha kuthibitisha kwamba unaenea. Kijana aliuvisha mwenyewe, akaivuta altaneta, akaubonyeza kwa kidole gumba mpaka ubonyee upana wa kidole kimoja tu, kama alivyomwona baba yake akifanya. Nilikuwa sijui kwamba aliwahi kumwona. Tulingoja karibu saa nzima injini ipoe, kwani kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa cha moto, kisha tukaongeza maji ya dumu lenye kitambaa.

Tulikwenda polepole, tukaswali adhuhuri katika msikiti wa Mackinnon Road, na alasiri tukawa Voi. Bibi alikuwa ameketi kitandani, akamuuliza mjukuu kwa nini mikono yake ni myeusi.

Niliporudi Mombasa nilimpelekea shemeji kile kipande cha leso, kimefuliwa. Nilikuwa nimetayarisha maneno marefu. Alikipokea, akaniuliza kama nimekwisha kununua mkanda wa kuenea. Nikasema ndiyo, na kwamba safari hii fundi ameufunga mbele yangu, na ule wa kaka nimeurudisha nyuma ya kiti.

"Na kamba?" aliuliza.

Nikatoka kwenda kununua kamba.