Mzigo wa Wahadzabe

Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ni watu wapatao elfu moja na ushei. Hadi miaka ya 1950 karibu wote waliishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Hawakulima wala kufuga. Familia ilipohama, mali yake yote ilikwenda mkononi, begani na mgongoni mwa wenyewe. Jirani yao Mmasai huhama pia, lakini ana punda wa kumbebea ngozi, vibuyu na watoto. Mhadzabe hakuwa na mnyama wa mizigo hata mmoja, kwa hiyo kiasi cha mali yake kilipimwa kwa nguvu za mwili wake na urefu wa safari iliyokuwa mbele.

Mwanamume alikuwa na upinde, mishale, kisu, shoka dogo, kiko cha kuvutia tumbaku na mfuko wa ngozi. Uzi wa upinde ulisokotwa kwa kano za wanyama. Mishale ya ndege ilikuwa ya mti mtupu, iliyochongwa ncha tu. Ya wanyama wakubwa ilitiwa chembe ya chuma na kupakwa sumu iliyopikwa kwa utomvu wa waridi la jangwani mpaka ikawa nyeusi na nzito kama lami. Chuma kilitoka kwa Wadatoga, wafugaji ambao baadhi yao ni wahunzi, kwa kubadilishana na asali, ngozi na nyama. Baadaye misumari ya dukani ikawa chanzo kingine cha chuma: Mhadzabe huuweka msumari juu ya jiwe, akaugonga kwa jiwe jingine bila kuutia motoni, mpaka ukasambaa na kuwa chembe kali. Moto wenyewe haukubebwa. Vijiti viwili vilitosha, ulindi na uwimbombo, na mtu aliyezoea huupekecha moto kwa muda mfupi tu.

Mwanamke alibeba mtoto kwanza. Baada ya mtoto ni fimbo ya kuchimbia, yenye ncha iliyochongwa na kukazwa kwa moto, ngozi ya kubebea mizizi, kibuyu cha maji na shanga zake. Nyumba hakuibeba, aliijenga kila walipofika. Matawi yalichomekwa ardhini kwa duara, yakapindwa na kufungamanishwa juu, yakafunikwa nyasi, na kazi yote haikuzidi saa mbili au tatu. Kiangazi wengi hawakujenga kabisa, walilala nje kando ya moto. Masika yalipokaza baadhi ya kambi zilihamia kwenye mapango na chini ya miamba.

Huu ndio upungufu wa vitu uliowashangaza wageni wengi, na wengi wao wakauita umaskini. Walihesabu vilivyo mkononi na kusahau vilivyo ardhini. Jiwe la kusagia mbegu za ubuyu halikubebwa kwa sababu kila kambi ya zamani ilikuwa na lake, limeachwa palepale kumngoja atakayekuja. Mbuyu wenye nyuki ulikuwa na vigingi vya mti vilivyopigiliwa kwenye shina, kimoja juu ya kingine, hadi kwenye tundu la asali. Aliyevipigilia aliondoka, na miaka mingi baadaye mtu mwingine alipanda kwa vigingi vilevile, akiongeza pale palipooza. Mlembe, ndege anayewaita watu na kuwaongoza kwenye nyuki, hakuwa wa mtu. Mizizi ilikaa ardhini mwaka mzima, mibichi, bila ghala wala mlinzi. Nchi yenyewe ilikuwa kabati, na aliyeijua vizuri hakuwa na haja ya kubeba akiba. Kilichobebwa kwa wingi ni maarifa: maji yako wapi mwezi huu, matunda gani yameiva upande gani, mizizi ya kilima kipi imekwisha chimbwa.

Kambi ilikuwa na watu kati ya 20 na 30 hivi, ingawa idadi ilibadilika kila wiki kwa wanaoingia na wanaotoka. Ilihamishwa kila baada ya wiki kadhaa, pengine miezi miwili. Sababu zilikuwa nyingi: maji kukauka, mizizi ya karibu kwisha, matunda kuiva kwingine, mtu kufa, ugomvi usioisha. Hii ya mwisho inastahili uzito kuliko inavyopewa kwa kawaida. Wahadzabe hawakuwa na mtemi wala baraza la kuhukumu, na waliogombana walitengana tu, kila mmoja akaenda kwa ndugu wa upande mwingine. Kwa mwenye mzigo wa kilo chache, kuondoka ni jambo la asubuhi moja. Na mwindaji alipoangusha twiga au pofu, mara nyingi haikuwa nyama iliyoletwa kambini. Kambi nzima iliihamia nyama, ikala na kuianika palepale.

Wepesi huu ulilindwa pia na desturi. Mwenye vitu viwili vya aina moja aliombwa kimoja, wala ombi halikuwa la unyenyekevu. Lilisemwa wazi, kama haki. James Woodburn, Mwingereza aliyeanza kuishi nao na kuwaandika mwaka 1958, alieleza kwamba shinikizo hilo halikuacha mtu ajikusanyie mali, na kwamba usawa wao ulitokana na mambo haya ya kila siku, haukuwa wa kuhubiriwa. Nyama ya mnyama mkubwa iligawanywa kwa kambi yote, na sehemu fulani, moyo na figo zikiwemo, ziliwekwa kwa wanaume waliokwisha kuingizwa katika epeme, yaani kundi la wanaume watu wazima, na kuliwa nao faraghani.

Halafu kulikuwa na lukuchuko, mchezo wa kamari wa wanaume. Kila mchezaji ana kibao chake cha ganda la mti. Vibao vyote hurushwa pamoja vikagonga shina la mti na kuanguka, na mshindi hujulikana kwa jinsi vilivyolala, chali au kifudifudi. Walichezea mishale ya sumu, visu, viko, shanga na nguo. Hawakuchezea upinde, mishale ya ndege wala mfuko wa ngozi, yaani vile ambavyo kila mwanamume alijitengenezea na alivihitaji kila siku. Kiko cha jiwe kilitoka sehemu yenye jiwe la kuchongeka, chuma kilitoka upande wa Wadatoga, sumu kwenye miti yake, na kwa njia ya lukuchuko vitu hivyo vilisambaa nchi nzima bila soko na bila mtu kubaki navyo muda mrefu. Aliyeshinda sana alifuatwa mpaka acheze tena. Ni mpango wa ajabu wa kuzuia utajiri, na ulifanya kazi.

Maisha hayo hayakuwa mepesi kama mzigo wake. Karibu nusu ya watoto hawakufikisha umri wa miaka 15. Malaria, kuhara na magonjwa ya kifua viliua, na mwanamume aliyeanguka kutoka mbuyuni hakuwa na daktari. Kuyasifu bila kutaja hayo ni kuwadhulumu waliowazika watoto wao.

Serikali zilizopita zilijaribu mara nyingi kuwatuliza mahali pamoja. Waingereza walijaribu mwaka 1927, wakarudia 1939, bila mafanikio. Jaribio kubwa lilifuata uhuru. Mwaka 1964 na 1965 Wahadzabe wengi walikusanywa, wengine chini ya ulinzi wa watu wenye silaha, wakapelekwa Yaeda Chini wafundishwe kilimo. Palikuwa na nyumba, mahindi ya msaada, shule na huduma ya afya, na walioanzisha mpango huo waliwatakia mema. Lakini watu waliozoea kambi ya watu 25 waliwekwa mamia mahali pamoja, wanywe maji ya sehemu moja na kulala karibukaribu wiki baada ya wiki. Magonjwa ya kuambukiza yalizuka, watu wakafa, na baada ya muda si mrefu wengi walirudi porini. Kuhama kulikuwa pia njia yao ya usafi: waliacha takataka, kupe, viroboto na maji machafu nyuma yao. Nyumba ya kudumu iliondoa kinga hiyo kabla kinga nyingine haijafika. Yaeda Chini ilibaki kuwa kijiji, lakini waliokijaza baadaye ni Wairaqw, Wadatoga na Waisanzu.

Kijiji cha Mongo wa Mono kilianzishwa mwaka 1988, nacho kikawa mahali pa kuja na kuondoka. Kwa hiyo amri hazikuwatuliza. Kilichobadilisha mzigo wao ni jambo lililoenda polepole zaidi: nchi ilipungua. Upande wa Mang'ola, ambako chemchemi hutoa maji mwaka mzima, mashamba ya vitunguu yalipanuka na kuvuta watu wa makabila mengi. Ng'ombe wa Wadatoga waliingia Bonde la Yaeda kufuata malisho na maji, na visima vya wanyamapori vikawa vya mifugo. Vichaka vya matunda vilifyekwa kwa mahindi, wanyama wakubwa wakapungua. Kambi iliyokuwa na mahali kumi pa kwenda ikawa na matatu, kisha moja lenye maji.

Hapo ndipo vitu vilipoanza kuongezeka. Wanyama wanapokuwa wachache na mizizi ya karibu imechimbwa, chakula kinachobaki ni unga wa mahindi, wa msaada au wa kununua. Unga hauliwi mbichi wala hauchomwi kwenye majivu kama mzizi. Unataka sufuria, mwiko, maji mengi kuliko kibuyu, na kwa hiyo dumu la lita 20. Dumu likijaa lina uzito wa kilo 20, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni halibebi siku nzima, kwa hiyo kambi husogea kwenye maji na kukaa hapo. Unga unahitaji gunia, gunia linahitaji kivuli na mtu wa kulitazama. Sufuria moja haikuwageuza Wahadzabe kuwa wakulima, lakini ilifunga fundo la kwanza kati ya familia na mahali.

Nguo zilifuata njia hiyohiyo. Wazee wa leo wanakumbuka utoto wa ngozi za swala, zilizolainishwa kwa mkono na kuvaliwa mpaka zikachakaa. Watoto wao walivaa kaptura na kanga, wajukuu wanavaa mitumba: jezi za mpira, makoti, sketi. Ndala za matairi ziliingia, kisha tochi, redio na simu. Desturi ya kuomba haikufa. Jezi huonekana leo kwa mtu mmoja na wiki ijayo kwa mwingine, kama vilivyozunguka viko na visu. Fedha ndiyo iliyoisumbua desturi hiyo, kwa kuwa noti hufichika mfukoni na nyama ya twiga haifichiki.

Fedha ililetwa zaidi na utalii. Tangu miaka ya 1990 kambi za karibu na Mang'ola zimepokea wageni wanaotaka kuona uwindaji, kupekecha moto na ngoma. Malipo yalinunua unga na nguo, yakanunua pia pombe, na pombe imeleta ugomvi, majeraha na njaa kwa watoto katika kambi zilizokaa karibu na barabara. Kambi hizo haziwezi kuhama mbali, kwa sababu mgeni hutafuta watu pale alipoambiwa watakuwepo. Wanaotazamwa kama mfano wa maisha ya kuhama wamelazimika kukaa ili watazamwe, na hilo ni jambo la kuhuzunisha.

Shule imevuta upande mwingine. Watoto wengi wa Kihadzabe husoma bweni, na mwanafunzi wa bweni ana sare, madaftari, godoro na sanduku, mzigo mkubwa kuliko wa babu yake. Kuna waliomaliza masomo na wanaowasemea wenzao wilayani na mikutanoni kwa Kiswahili fasaha. Kuna pia waliotoroka na kutembea siku kadhaa kurudi kambini. Wazazi wengi sasa wanataka vyote viwili, mtoto ajue kusoma na ajue kuchimba mzizi, na ratiba ya mihula haitoi nafasi ya kutosha kwa la pili.

Mwaka 2007 mpango wa kuikodisha sehemu ya nchi yao kwa uwindaji wa matajiri kutoka Ghuba ulipingwa na Wahadzabe pamoja na watetezi wao, na waliotaka kukodi wakajiondoa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya jumuiya kwa zaidi ya hekta 20,000. Shirika la Ujamaa Community Resource Team ndilo lililofanya nao kazi hiyo ya miaka. Kwao ilikuwa hatua kubwa. Msitu wa bonde hilo sasa unahesabiwa hewa ya ukaa kupitia Carbon Tanzania, na mapato ya mauzo ya hewa hiyo hulipia matibabu, ada za shule na posho za walinzi wa kijiji wanaozunguka kuzuia ukataji miti na ujangili.

Ndani ya mipaka hiyo bado kuna familia ambazo chakula chao kikubwa hutoka porini. Kambi zao huhama kwa umbali mfupi kuliko zamani na hukaa muda mrefu zaidi, kwa kuangalia maji, shule na zahanati pamoja na matunda. Wanapoondoka hubeba upinde na fimbo ya kuchimbia, sufuria, dumu tupu, blanketi na simu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Jiwe la kusagia huachwa.