Na Baiskeli Je?



Juma hili naomba niwaandikie juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo mno kustahili tafakari: namna ya kupakia baiskeli katika gari dogo. Ninalo gari aina ya Toyota Vitz, lenye mlango mmoja wa nyuma unaofunguka kwenda juu, ambalo vijana wa Kibiti hunitania kwamba likizima nitalibeba begani. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba gari hilo lina nafasi ya watu wanne na gunia la mchele, basi. Mzee mmoja ndiye aliyenifundisha vingine, wala hakunifundisha kwa maneno mengi.

Ilikuwa alasiri moja mwishoni mwa mwaka 2024. Nilikuwa nimemsindikiza mgeni hadi gati la Nyamisati apande boti ya kwenda Mafia, nami nikawa narejea kwa barabara ya vumbi iendayo Bungu. Kwa asiyepajua, Nyamisati ni mmoja wa milango ya delta ya Rufiji. Mbele yako kuna mikoko na mito iliyogawanyika mara nyingi hata mgeni hajui upi ni mto wenyewe na upi ni mkono wake. Nyuma yako kuna minazi na mikorosho hadi Barabara ya Kilwa. Katika visiwa vya delta gari halina kazi. Mtu wa huko huteremka kwenye mashua na baiskeli yake ikiwa imelazwa juu ya mizigo, na tangu anapokanyaga nchi kavu, baiskeli hiyo ndiyo gari lake, punda wake na duka lake.

Sijafika mbali nikamwona mzee ameketi chini ya mkorosho, mguu mmoja ameunyoosha, na kijana wa miaka kama kumi na minne amesimama ameshika baiskeli ya Phoenix. Rimu ya mbele ilikuwa imepinda. Walikuwa wakipeleka kikapu cha ng'onda Bungu, gurudumu likaingia shimoni, na baiskeli ikamwangukia mzee kwenye kifundo cha mguu, ambacho tayari kilikuwa kimevimba kama embe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia aingie, nitamfikisha hospitali Kibiti. Akanishukuru, akaitazama gari, kisha akauliza, "Na baiskeli je?"

Nikamjibu kwa upole, lakini upesi, kwamba gari ni dogo. Nikamwonyesha nyumba ya makuti iliyokuwa hatua chache kutoka barabarani, nikasema tuiache pale, ataifuata akipona. "Watu wema wapo, mzee," nikamwambia.

Mzee akatikisa kichwa. Baiskeli si yake, akasema; ni ya mkwewe. Mafuriko ya Aprili 2024 yalikuwa yamewachukulia mpunga wote shambani, na mkwewe akauza mbuzi wawili ili ainunue, wapate kuchuuza samaki. Watu saba walikuwa wakila kutokana na baiskeli hiyo. "Nenda tu, mwanangu," akasema. "Tutajikongoja."

Naungama kwamba nilikasirika kidogo. Nilijiambia kwamba huyu mtu anathamini chuma kuliko mguu wake. Lakini sikuweza kuwasha gari. Nikashuka, na hapo ndipo nilipoanza kufikiri juu ya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

Njia ya kwanza iliyonijia ilikuwa kuipandisha juu. Mabasi yetu yalifanya hivyo kwa miaka mingi, baiskeli zikisafiri juu ya keria pamoja na magunia na kuku. Lakini basi lina keria ya chuma, na gari langu halina. Bati la paa la gari dogo ni jembamba; baiskeli ya namna ile, pamoja na keria yake na stendi, hukaribia kilo ishirini, na pedeli moja tu ikilalia bati itaacha shimo. Tena uzito ukiwa juu, gari jepesi huyumba kwenye kona na kwenye mashimo, na barabara ile haikukosa kimojawapo.

Njia ya pili ilikuwa kuitundika nyuma. Katika nchi za Ulaya huuzwa vyuma maalumu vinavyofungwa kwa mikanda kwenye mlango wa nyuma, na baiskeli mbili au tatu huning'inia hapo. Mimi nilikuwa na mipira ya tyubu kuukuu tu. Kijana akainama akanionyesha kidole: bomba la moshi lilikuwa likielekea penye tairi kabisa. Baadaye fundi mmoja alinithibitishia kwamba moshi wa moto huweza kuyeyusha tairi la baiskeli kabla dereva hajatambua lolote. Zaidi ya hayo, baiskeli iliyotundikwa nyuma huficha taa na namba za gari, na uzito wake wote huangukia bawaba za mlango ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ikabaki njia ya tatu, ya ndani. Lakini ndani, wapendwa, kulikuwa na mizigo yangu. Nilikuwa nimenunua mikeka saba ya ukindu kwa ajili ya sherehe ya nyumbani, pamoja na gunia la nazi. Kiti cha nyuma chote kilikuwa kimekaliwa na mikeka. Nafasi niliyosema haipo ilikuwapo tangu mwanzo, ila nilikuwa nimekwisha kuigawa.

Nikaitazama ile nyumba ya makuti. Mama mmoja alikuwa uani akichambua mchele. Nikajiuliza: ni nani huyu? Nikirudi nitaikuta mikeka yote? Mvua ikinyesha je? Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyostahili, mkunjo wa mikeka ukiwa mikononi. Nilipogeuka, mzee alikuwa akinitazama. Hakuwa na kejeli usoni. Akasema taratibu:

"Watu wema wapo, mwanangu."

Nikaipeleka mikeka na nazi kwa yule mama.

Kazi iliyobaki aliiongoza kijana. Alifungua mkoba mdogo chini ya kiti cha baiskeli akatoa spana, kwa maana mchuuzi wa safari ndefu hatoki bila spana. Nati mbili, na gurudumu la mbele likatoka. La nyuma aliliacha, kwa sababu linashikana na mnyororo, bampa na miguu ya keria, na kulifungua ni kazi ya nusu saa. Mimi nikajitwika kazi ya pedeli ya kushoto, nikavuta hadi jasho likanitoka. "Mjomba," akaniambia kwa adabu, "ya kushoto hufunguka kinyume." Ndivyo ilivyo: pedeli ya kushoto huzungushwa upande ambao nati nyingine hufungiwa. Nilikuwa naikaza.

Tukakunja upande mmoja wa kiti cha nyuma, maana kiti cha gari langu hukunjwa nusu nusu. Tukatandika blanketi kuukuu, tukaiingiza baiskeli ikiwa imelala, gurudumu la nyuma likitangulia na mnyororo ukitazama juu ili mafuta yake yasichafue kitambaa wala meno yake yasikwaruze. Usukani haukuweza kugeuzwa, kwa kuwa fito za breki huuzuia, hivyo ukachungulia nje. Tukaushusha mlango kadiri ulivyokubali, tukaufunga kwa mpira wa tyubu, na kijana akafunga kipande cha kanga nyekundu kwenye ncha ya usukani ili wa nyuma yetu waione. Yeye akaketi upande uliobaki, gurudumu mapajani na kikapu cha ng'onda miguuni. Mzee akakaa mbele, kiti kimesogezwa nyuma, mguu umenyooshwa. Tuliviacha wazi vioo vya mbele, kwa sababu gari linalokwenda na mlango wa nyuma uliofunguka huvuta moshi wake lenyewe ndani.

Tukaenda polepole hadi Bungu, kisha tukashika lami hadi Kibiti. Hospitali walimkuta mzee na mfupa uliovunjika, wakasema kwamba angeutembelea mguu ule, huenda usingepona sawasawa. Fundi baiskeli wa sokoni aliinyoosha rimu na kukaza spoku siku ileile, kazi ya saa moja na malipo ya sahani mbili za wali.

Baada ya siku nne niliwarudisha wote watatu Nyamisati: mzee, mjukuu na baiskeli. Wakati wa kurejea nikapita kwenye ile nyumba ya makuti. Yule mama alikuwa ameipandisha mikeka darini, mbali na mvua na mbuzi. Akaniletea, akakataa ujira, akanikaribisha maji. Nami, wapendwa, kabla sijanywa maji yale, niliihesabu mikeka mbele ya macho yake. Ilikuwa saba. Yeye akatazama pembeni, nadhani kwa ajili ya kunisitiri.

Hilo ndilo linalonirudia. Kupakia baiskeli nimekwisha kujifunza. Sasa sitoki bila spana, mipira minne, blanketi na kitambaa chekundu, na wachuuzi wa barabara ile wamenizoea. Lakini bado sijajua nilikuwa na haki gani ya kumtaka mzee yule aache riziki ya watu saba mikononi mwa mtu ambaye mimi mwenyewe sikumwamini kwa mikeka saba. Ushauri wa kuamini ni mwepesi sana mali ikiwa ya mwenzako.

Basi mkiwa barabarani juma hili, na mtu akiwauliza swali lile la mzee, msimjibu upesi kama nilivyojibu mimi. Shukeni kwanza, mfungue mlango wa nyuma, mtazame ni nini kilichomo na ni cha nani.

Nawatakia juma jema.