Tuhuma Si Ushahidi

Hasira hasara, walinena wahenga. Na hasara yenyewe aghalabu huanza na jambo dogo.

Huko Kashikishi, wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, yupo sajini mstaafu wa polisi mwenye wana wawili. Mkubwa alifungua kibanda cha michezo ya kompyuta jirani na soko la samaki. Watoto hulipa kwacha chache wakacheza mbio za magari. Hata vijana wanaovuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo, na Kiswahili chao, hupita hapo kabla ya kurejea kwao. Mapato ya kibanda hicho yalinunua unga wa nyumbani, na kidogo kilichosalia kiliwekwa akiba ili mdogo mtu apate kwenda chuoni.

Kompyuta ile ilinunuliwa ikiwa imekwisha tumika. Ndani yake mlikuwa na kadi mbili za michoro za aina moja. Kadi ya michoro ni kile chombo kinachochora picha zinazoonekana kwenye kioo. Mnamo Oktoba 2025, katika joto kali linalotangulia mvua, ilianza matata. Asubuhi magari yalikwenda kama maji. Ikifika adhuhuri yakawa yanakwama na kurukaruka. Wateja walidai fedha zao wakaondoka.

Kaka hakuuliza. Alimgeukia mdogo wake mbele ya watu akasema, "Ni wewe uliyechezea nyaya usiku!" Mdogo alikana. Kaka akaapa kwamba akiba ya chuo itanunua mashine nyingine. Usiku huo kijana alifunga mzigo wake, akaenda kwa mjomba wake kwenye kambi ya wavuvi.

Mzee aliposikia alimwita mkubwa. "Mwanangu," alisema, "katika utumishi wangu wote sikumshtaki mtu kwa sababu tu alikuwa karibu na kitu kilichoharibika. Lete daftari. Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, uandike uonalo. Ukibadili mawili pamoja, hutajua lipi lililoponya."

Kwanza waliushuku umeme, kwani mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya Bwawa la Kariba, Zambia nzima ilizoea giza. Walingoja siku ambayo umeme haukukatika, wakajaribu tena. Kasoro ilibaki pale pale. Umeme ukaachiwa huru.

Kisha kijana alifungua programu inayoonyesha idadi ya picha kwa sekunde pamoja na joto la kila kadi. Mchezo ulianza kwa picha 60 kwa sekunde. Kadiri dakika zilivyopita ndivyo kadi ya juu ilivyozidi kupata moto, na idadi ile ikashuka hadi chini ya 30. Kadi ya chini haikupata moto kiasi hicho. Sababu ni kwamba kadi mbili zikipangwa karibu karibu, ile ya juu huvuta hewa iliyokwisha pashwa moto na ya chini. Nayo ikizidiwa na joto hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue.

Lakini kwa nini uchovu wa kadi moja uzilemaze zote mbili? Jibu limo katika mpango wa SLI, uliotolewa na kampuni ya NVIDIA mwaka 2004. Kwa kawaida kadi hupokezana: moja huchora picha ya kwanza, nyingine ya pili, na kuendelea hivyo. Mmoja akichelewa, mwenziwe hana budi kumngoja, na jicho huona mikwamo. Wala hazijumlishi kumbukumbu: mbili zenye gigabaiti 4 kila moja haziupatii mchezo 8, kwa kuwa kila moja huhifadhi nakala yake. Tena si kila mchezo unaoufahamu mpango huo, na tangu Januari 1, 2021, NVIDIA iliacha kuziongezea kadi za zamani maelekezo ya SLI kwa michezo mipya.

Basi walizima mpango huo, wakacheza kwa kadi moja. Ilitoa picha 40 kwa sekunde, nazo hazikushuka hata jioni. Kwa mashaka ya mkubwa, 40 zilizotulia zilipendeza machoni kuliko 60 zinazoporomoka.

Ikabaki kujua joto lile lilitoka wapi ghafla. Mzee alisogeza kompyuta, akaitazama nyuma. Matundu ya hewa yalikuwa yamegusa ukuta, na vumbi la mchanga limeziba feni. "Nani aliyeisukuma hapa?" aliuliza.

Kijana alinyamaza. Ni yeye mwenyewe aliyeisukuma mwezi uliopita, apate nafasi ya benchi la pili.

Walisafisha feni kwa brashi laini, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, wakaiweka mbali na ukuta. Ule mchezo wa magari ukarudi kwenye 60 kwa kadi zote mbili. Michezo mipya wakaiachia kadi moja.

Kesho yake alfajiri kaka alikwenda kambini kwa miguu. Alimkuta mdogo wake akitengeneza nyavu, akamwambia mbele ya wavuvi wote, kama alivyomtuhumu mbele ya watu, "Kosa lilikuwa langu. Nisamehe."

Mdogo hakuinua macho upesi. Aliuliza, "Na fedha ya chuo?"

"Ipo yote."

Akamaliza fundo alilokuwa akilifunga, kisha akauchukua mzigo wake.

Mashine ikiharibika nyumbani, aliye karibu nayo ndiye wa kwanza kulaumiwa. Heri kuanza na daftari. Vumbi hufutwa kwa brashi. Neno lililosemwa mbele ya watu humlazimu mtu kutembea hadi kambini kulifuta.