Feni Ipigayo Kelele

Kelele za chombo kilichochakaa huudhi masikio ya watu kabla hazijaamsha fikira zao. Katika mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, kiangazi huleta vumbi jembamba lisilozuiwa na mlango wala pazia. Huingia katika kompyuta za steshenari, mahali watu wanapochapishiwa barua na kutolewa nakala, likatua ndani ya pawa saplai, yaani kisanduku kinachopokea umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3. Feni ya kisanduku hicho hupitisha hewa mchana kutwa. Mafuta ya beringi yake yakikauka, feni hulia.

Hapo mwenye duka huwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuukata waya wa feni. Kelele hukoma papo hapo, lakini joto hukosa pa kutokea. Kapasita huvimba, na siku moja mashine huzimika hali kazi za wateja hazijahifadhiwa. Ya pili ni kutia tone la mafuta katika beringi. Hiyo ni nafuu ya muda. Ya tatu ni kuibadilisha feni yenyewe.

Kazi hii ni ndogo, lakini ina hatari kubwa. Kuchomoa waya ukutani hakutoshi, maana kapasita kubwa iliyomo ndani yaweza kubaki na volti zaidi ya 300 baada ya umeme kuondolewa. Fundi mwenye busara hungoja, kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa. Asiye na mita wala ujuzi, heri anunue pawa saplai nzima kuliko kuuza roho yake kwa bei ya feni.

Feni mpya yapasa kulingana na ya zamani kwa ukubwa, aghalabu milimita 80 au 120, iwe ya volti 12, na ielekeze hewa upande uleule. Izungukayo polepole mno haina kelele, lakini katika joto la Simiyu yaweza kuleta hasara ileile ya waya uliokatwa.

Basi masikio peke yake hayawezi kuamua kama kazi imefanywa vema. Feni iliyokatwa waya na feni iliyo nzima hazisumbui mtu. Lakini mkono ukiwekwa nyuma ya kisanduku, hujua mara moja ipi inatoa upepo.