Nilivyokwenda Unguja kwa hela ya fildi

Haya wadau, nimerudi! Najua nimeadimika tangu tufunge chuo, wengine mlishaanza kusema nimeoa huko Mbulu, hehehe. Sijaoa. Nilikuwa fildi, halafu nikaenda Unguja. Ndiyo, Unguja ile ile ya kwenye kalenda. Na kabla hamjaniuliza hela nilitoa wapi, ngoja niwape kisa chenyewe, maana sikwenda kula maisha tu. Nilikwenda kwa sababu nilimdanganya mtoto wa watu.

Fildi mwaka huu nilifanyia sekondari moja nje kidogo ya Katesh, pale chini ya Mlima Hanang. Mnajua masomo yangu, Jiografia na Kiswahili. Siku hiyo nilikuwa Kidato cha Kwanza, mada ya mabara na bahari. Nikachora ubaoni dunia, mwezi, mishale, nikaeleza maji yanavyojaa na kupwa. Nilijiona profesa kabisa. Mara binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu nifike sijawahi kumsikia akiuliza kitu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe bahari umeshaiona?"

Nikajibu, "Ndiyo, mara nyingi tu."

Wadau, sijawahi. Mimi nimezaliwa Dongobesh, nimekulia Dongobesh, kisha nikaja Dodoma ambako hata bwawa ni habari. Maji makubwa niliyokuwa nayajua ni Ziwa Tlawi kule Mbulu, Ziwa Basotu, na Balangida. Sasa yule binti kwao ni upande wa Balangida. Wasiopajua, hilo ni ziwa la chumvi chini ya Hanang, kiangazi linakauka na kubaki jeupe, watu wanaokota chumvi. Akaniuliza tena, "Basi maji ya bahari yana chumvi kama ya Balangida?" Nikasema "zaidi," kwa sauti ya mtaalamu. Kengele ikaniokoa.

Usiku ule kwa shangazi nilijigeuzageuza kitandani. Mtu atasema ni jambo dogo. Lakini mimi nasomea ualimu, na yule mtoto aliniuliza kwa sababu aliamini nitamwambia kweli. Na ile "zaidi" ameshaiandika kwenye daftari lake!

Fildi ilipoisha nikahesabu hela. Kwa kuwa nilikaa kwa shangazi bila kodi, nilibakiwa na laki tatu na kidogo. Nikampigia mama. Nilitegemea anigombeze, maana nyumbani bati la jikoni linavuja na hela yangu ilikuwa imeshapangiwa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nenda, lakini usirudi ukaniomba hela ya sabuni." Wadau, hiyo ni ruhusa.

Sasa kwa wale watakaotaka kujaribu, nilivyobana matumizi ni hivi.

Kwanza, malazi. Jamaa yangu wa blok ni mtu wa Unguja, kwao Jang'ombe. Nilimwomba nifikie kwao siku tatu, akakubali. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilibeba kilo tatu za vitunguu saumu kutoka kwetu Mbulu. Mama yake alipofungua mfuko alifurahi mpaka nikaona aibu. "Thomu hizi! Thomu kubwa kama hizi!" Hapo ndipo nilipojua kumbe saumu kule ni thomu, mkate ni boflo, na shule ni skuli. Nilipokea chai nikasema, "Asante mama, chai hii ina ladha maridhawa." Wote wakaangua kicheko. "Mwanangu, wewe wasema kama kitabu!" Ni kweli. Nyumbani tunasema Kiiraqw, Kiswahili nilikikuta shuleni. Na Kiswahili hicho cha vitabuni kilisanifiwa kutokana na Kiunguja cha hapo hapo mjini, ile kazi ya Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930 ambayo sote tumeisoma kwa ajili ya mtihani. Nilikuwa nimekaa jikoni kwenye chimbuko lake nachekwa.

Pili, usafiri. Basi mpaka Dodoma, kisha treni ya umeme mpaka Dar. Hiyo ilianza safari za Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida wakati huo 31,000, unafika hata usingizi hujaumaliza. Boti ni kama saa mbili mpaka Unguja, na hapa msisahau kitambulisho cha taifa, kwa sababu nauli ya mwananchi na ya mgeni ni mbingu na ardhi. Bandarini ukishuka watakuja papasi, wale vijana wa kukupeleka hotelini. Wasalimie vizuri, cheka nao, tembea.

Tatu, chakula. Forodhani jioni uliza bei kabla hujanyoosha kidole. Bakuli moja la urojo linakutosha mpaka asubuhi. Kutembea Mji Mkongwe hakulipiwi. Niliiona Beit al Ajaib, lile jengo la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, nikaenda na Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa. Pale nilikaa kimya muda mrefu. Hiyo nitaiandika siku yake.

Bahari yenyewe niliiona kwanza kwenye boti. Lakini kwenye boti nilikuwa nimeshika mfuko wa plastiki na kuomba Mungu, kwa hiyo siihesabu. Nikataka kuigusa. Siku ya pili nikapanda gari la shamba namba 309, tukabanana na magunia na ndoo, mpaka Jambiani upande wa mashariki. Nikashuka, nikapita katikati ya nyumba, nikatokea ufukweni.

Wadau... bahari haikuwepo!

Siwatanii. Mbele yangu kulikuwa na mchanga mweupe, madimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na mbali kabisa mstari wa povu. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni Balangida. Nikasema basi, nimekuja kote huku na bahari imekauka. Mimi niliyechora mishale ubaoni!

Kulikuwa na bibi mmoja anarudi na gunia la mwani kichwani. Kilimo cha mwani pale kilianza mwaka 1989 na wanaokifanya wengi ni wanawake. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza bahari imekwenda wapi. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Imekupwa. Itarudi. Watoka wapi wewe?"

Nikamwambia Mbulu, bara, nasomea ualimu. Akauliza nasomesha nini. Nikataja Jiografia, na kwa kuwa nilishachoka kudanganya, nikamwambia nimesomesha bahari wala sijawahi kuiona. Alicheka mpaka akalitua gunia. Kisha akanifundisha. Akasema leo maji yamekwenda mbali kwa sababu ni bamvua, mwezi umeandama juzi. Baada ya siku kadhaa yatakuwa maji mafu, hayatoki sana wala hayaingii sana. Kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana. Wao shambani mwao wanakwenda kwa saa ya maji, si saa ya ukutani. Kila kitu nilichochora na mishale mama yule anacho kichwani, tena na tarehe.

Nikavua viatu nikaingia mpaka kwenye vijiti vyao vya mwani. Nikachota maji nikaonja. Chumvi kweli. Lakini nikaangalia mchanga nikaona kitu ambacho kitabu hakikuniambia. Mchanga umelowa tu, hauna ule weupe wa chumvi wa Balangida. Balangida maji yakiondoka yanakaa miezi, jua linakausha, chumvi inabaki. Hapa yanaondoka saa sita tu na yanarudi kabla jua halijamaliza kazi. Nilikaa chini ya mnazi nikasubiri niyaone. Yalikuja polepole, dimbwi moja linaungana na jingine, mpaka zile ngalawa zikanyanyuka zenyewe. Nikakosa gari la mapema kwa ajili hiyo na sijutii.

Nikarudi Katesh kuchukua begi langu kwa shangazi, mfukoni nina elfu kumi na nne. Nikaenda shuleni nikamwomba mwalimu wa somo dakika kumi. Nilisimama mbele ya Kidato cha Kwanza, miguu inatetemeka kuliko siku ya kukaguliwa. Nikawaambia, "Mliniuliza kama nimeiona bahari, nikasema ndiyo. Nilidanganya. Wiki iliyopita ndiyo nimeiona." Kimya. Kisha kicheko, halafu mikono juu darasa zima.

Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, ikirudi inakuja kwa nguvu kama lile tope?" Darasa likatulia ghafla. Tarehe 3 Desemba 2023 maji na matope yalishuka kutoka Hanang asubuhi yakaingia Katesh, watu zaidi ya 80 walikufa. Hawa watoto walikuwepo. Nikawaambia hapana, kwa kawaida inakuja taratibu, akina mama wanafunga mizigo yao na kutembea mpaka pwani bila kukimbia, na kila mtu anajua saa yake. Naye akaitikia kwa kichwa, akaketi.

Yule binti wa nyuma akanyoosha mkono wa mwisho. "Mwalimu, ulisema chumvi ni zaidi ya Balangida." Nikamwambia nimeonja ya bahari, na Balangida wakati inakauka sijawahi kuonja. Akasema, "Mimi nimeonja. Nitakuletea." Akachukua kalamu akakata lile neno kwenye daftari.

Basi ndiyo hivyo, nimerudi chuo sina hata hela ya vocha. Bumu likitoka mnishtue. Na mwenye sabuni blok B asiogope kunikopesha, mama nimeshamuahidi.