Mdudu wa tak na mdudu wa kimya

Masika yalikuwa yamekolea mjini Moshi. Katika nyumba moja ya Majengo umeme ulirudi saa mbili usiku, na taa ya barazani ikavuta wadudu wa kila aina. Mtoto wa miaka sita akamwona mbawakawa mweusi kalala chali. Alipomgusa, tak! Mdudu akaruka juu, akatua kwa miguu. Mtoto akacheka. Mama yake akaja na kandambili, akamponda.

“Ungemwacha, mwanangu,” bibi alisema. “Huyo hana neno.”

Bibi alisema kweli. Mbawakawa huyo hana sumu. Kifuani ana kitu kama bawaba, na akipinduka huifyatua ili ajigeuze.

Kabla ya kulala, mama akaona kidudu kingine shingoni mwa mwanawe: chembamba, hakifiki sentimita moja, cheusi na rangi ya chungwa, kama sisimizi. Akakipiga kofi. Kisha, kwa mkono uleule, akampangusa mtoto uso.

Asubuhi hapakuwa na kitu. Siku ya pili shingo ilikuwa na mstari mwekundu wenye malengelenge, na jicho moja limevimba likafumba. Mama alidhani ni mkanda wa jeshi. Jirani akaleta dawa ya meno. Bibi akaikataa, wakaenda kituo cha afya.

Huko mama alielezwa kwamba kidudu kile ni nzi wa Nairobi, ambaye kwa kweli si nzi bali naye ni mbawakawa. Hang’ati wala haumi. Sumu yake, pederini, imo mwilini, na hutoka anapopondwa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipowaleta kwa wingi Kenya, watu wengi waliungua ngozi hivyohivyo.

Mama alinyamaza. Kofi lilikuwa lake.

Mzazi, ukimwona, mpulize au mwondoe kwa karatasi. Akipondeka, osha ngozi na mikono haraka kwa sabuni na maji mengi, na usiguse macho. Sumu ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi, nenda hospitali. Zima taa zisizo na kazi, chomekea chandarua.

Jicho lilipona. Siku hizi mama akiinua kandambili, mtoto humuuliza kwanza: “Mama, huyu ni wa tak au wa kimya?”